Mtume wa Matairi

Filamu yenyewe ni mbovu. Naliweka wazi mapema ili atakayekwenda kuitafuta asije akanilaumu. Rangi zimefifia, muziki unapiga makelele pasipo sababu, na mchekeshaji mkuu, mzungu mwenye nywele zilizolazwa kwa mafuta, anakodoa macho kila akimaliza sentensi, utadhani anatuomba tucheke ili apate kwenda nyumbani. Inahusu muuza matairi ya mitumba katika mji mdogo wa Marekani. Anakwenda kwenye kituo cha runinga cha walokole kupeleka tangazo la duka lake, anakosea mlango, anajikuta mbele ya kamera wakati wa ibada, na kwa kuwa Mungu alimjalia mdomo, watu wanamdhania nabii. Filamu haijafika katikati, ameshakuwa na kituo chake mwenyewe na anauza vipande vya tairi vilivyoombewa.

Utotoni kwetu, Mwananyamala, tuliamini kwamba duniani kote hakuna filamu ya kuchekesha kuliko hiyo. Watu walicheka mpaka machozi, wakapigana migongo, na kuna mama mmoja muuza maandazi aliwahi kutolewa nje kupepewa kwa sababu pumzi ilimkatika. Ila hakuna aliyekuwa akimcheka yule mzungu. Waliyekuwa wakimcheka ni kaka yangu.

Kaka alikuwa DJ wa banda la video. Kwa asiyejua mambo hayo: filamu zilikuwa za Kiingereza, na Kiingereza kilikuwa kimetupita kando, kwa hiyo sauti ya filamu ilipunguzwa na mtu mmoja akakaa pembeni ya runinga, juu ya kreti la soda, maiki mkononi, akawasemea wote waliomo, shujaa, adui, mtoto, hata mbwa. Baadaye wenzake walirekodi sauti zao, wakauza sidii, wakapata jina. Kaka hakurekodi hata mara moja. Alisema akirekodi atalazimika kuyarudia aliyoyasema jana, na ya jana yeye hayakumbuki. Alitafsiri papo kwa papo, na neno kutafsiri nalitumia kwa kumheshimu tu, maana Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha. Aliitazama filamu mara moja na mwenye banda, akakisia inahusu nini, kisha akawaletea watu hadithi yake mwenyewe.

"Ndugu zangu!" alikuwa akiunguruma kwenye maiki, mzungu anapoinua mikono juu. "Shetani amekutoboa tairi la nyuma! Nani atakuziba?"

"Mtumeee!" banda zima lilijibu.

Ndiye aliyeipa jina, Mtume wa Matairi, na sisi tuliokuwa pale hatukulijua jina lake jingine. Mimi niliingia bure, nikakaa karibu na kreti lake, msichana peke yangu katikati ya wanaume waliovua mashati kwa joto, na hakuna aliyethubutu kunigusa kwa sababu ya kaka.

Vipande viwili vilipendwa kuliko vyote. Cha kwanza ni pale Mtume anapokwenda Afrika kupiga picha za kuwaonyesha wafadhili wake. Chifu wa kijiji anamsogelea, na kaka alimpa chifu yule sauti ya mjumbe wetu wa nyumba kumi, mzee aliyependa mihuri kuliko chakula. "Karibu, mgeni. Barua ya utambulisho iko wapi? Huna? Na haya matairi yako mbona yamekwisha hivi? Hapa hata katambuga hazitoki!" Wazee waliovaa katambuga zenyewe, ndala za tairi, waliinua miguu juu kuonyesha.

Cha pili ni cha bubu. Mtume analetewa bubu jukwaani, mbele ya kamera, na anamwamuru aseme. Bubu anahangaika, shingo imemkakamaa. Kaka aliufanya uhangaikaji ule kwa sauti kwa muda mrefu, "ba... ba... ba...", banda lote kimya, watu wameacha kutafuna karanga, mpaka bubu anafunguka: "Ba... ba... baba Mtume, unanikanyaga mguu!" Kicheko chake kilisikika barabarani. Maneno hayo yalitoka bandani yakaingia mtaani. Ukibanwa kwenye foleni ya maji, ukicheleweshewa mshahara, mkeo akikununia, ulisema tu, unanikanyaga mguu, na kila mtu alikuelewa.

Sasa niseme kwa nini niliitafuta.

Masika iliyopita kaka alianguka kazini. Kazi ya banda aliiacha zamani, mabanda yalipokufa yenyewe, akawa karani wa kukagua makontena Kurasini, mtu wa shati la mikono mirefu na maneno machache. Kiharusi kilimpiga upande wa kulia na kikaondoka na maneno yake yote. Kilichobaki mdomoni mwake ni "ba". Akitaka maji ni ba, akiumia ni ba. Na kicheko na kilio navyo vilichanganyika. Daktari alitueleza kwamba itakuwa hivyo, kwamba anaweza kububujikwa na machozi kwa furaha au akacheka akiwa na uchungu, na sisi tusiwe wepesi wa kuhitimisha.

Alipangiwa kliniki ya mazoezi ya kuongea. Dada wa kliniki, mpole, mwenye subira ambayo mimi sina, alituambia tusiote habari za hotuba. Kitu cha kwanza ni kumrudishia ndiyo na hapana. Akizipata hizo mbili atakuwa na pa kuanzia, na miezi ya mwanzo ndiyo yenye faida, ikipita kazi inakuwa ngumu sana. Kaka alihudhuria mara chache. Kisha wifi, mkewe, akaacha kumpeleka.

Hapa nataka kuwa mwadilifu kwa wifi, ingawa moyo wangu hautaki. Nyumba yao ipo Buguruni, ndani ndani, gari haliingii mpaka mlangoni. Kumpeleka kaka kliniki kulihitaji wanaume wa kumbeba, na wanaume wa kumbeba walihitaji kubembelezwa. Anayemgeuza kitandani ni wifi. Anayemwosha, anayemlisha uji kijiko kwa kijiko na kumfuta mdomo ni wifi. Mimi ni mtu wa Jumamosi. Kwa hiyo siku aliponiambia kwamba hawaendi tena, sauti yangu ilipanda lakini haikuwa na miguu.

"Nabii amesema, wifi," aliniambia. "Kuna mama alipiga simu kwenye kipindi, mumewe yuko hivihivi. Nabii akamwambia, ukimkabidhi Mungu mgonjwa halafu ukamrudisha kliniki, ni kama umemnyang'anya. Chagua moja."

Nabii huyo sitamtaja, na wala hana haja ya kutajwa na mimi, anajitaja vya kutosha. Ana kituo chake cha runinga, suti zake zinameta, na nyumbani kwa kaka yupo ukutani tangu asubuhi mpaka wanapolala. Akisema gusa skrini yako, wifi anauinua mkono wa kaka uliokufa na kuubandika kwenye kioo. Kaka anatulia tu. Nilimchunguza usoni mara nyingi kuona kama ameudhika, kama anacheka kimoyomoyo, yeye aliyewachekesha watu kwa wachungaji wa namna hii, na sikuona kitu cha kunisaidia. Hata kabla hajaugua alikuwa akikaa na mkewe kuangalia ibada za runinga, kimya, mikono imekunjwa. Sikuwahi kumuuliza kama anaamini. Nani anamuuliza kaka yake mkubwa swali la namna hiyo?

Wifi alizaliwa bara, akaja Dar wakati kaka ameshakuwa karani. Hakumkuta DJ. Mwanamume aliyemwoa alikuwa mpole, wa kuombwa mara mbili kabla hajatoa neno. Na mimi, kwa hasira zangu, nikajiaminisha kwamba hilo ndilo tatizo: huyu mwanamke hajui ni sauti gani anayoiacha ifie sebuleni. Nikimwonyesha Mtume wa Matairi, nikamsimulia yule aliyekuwa juu ya kreti, atacheka, akicheka atamwona nabii wake kwa jicho jingine, na Jumatatu tutarudi kliniki. Nikasema pia, kaka mwenyewe akiiona, huenda kitu kikaamka. Nilipanga hivyo kabisa, mtu mzima mwenye akili zangu.

Kuipata ilikuwa kazi. Wenye maduka ya kunakili filamu kwenye flashi pale sokoni wote hawakuijua, maana jina nililokuwa nalo lilitoka kwa kaka, si kwa walioitengeneza. Muuzaji mmoja aliniuliza kama ni ya Kikorea. Mwishowe nikaipata mtandaoni, ofisini, wakati wa chakula cha mchana, baada ya kuandika matairi, mhubiri na runinga kwa Kiingereza cha kila namna. Jina lake la kweli halikuwa na tairi hata moja. Walioitazama walikuwa wachache hata nikawahurumia walioitengeneza. Niliona zile nywele na yale macho, nikaishusha, nikaitia kwenye flashi, sikutazama zaidi. Filamu niliyoirudia mpaka nikaijua kwa moyo, niitazame ya nini?

Jumamosi hiyo nilifika baada ya chakula cha mchana. Kaka alikuwa kwenye kochi lake, amekingwa kwa mito pande zote. Runingani nabii alikuwa akipuliza pumzi kwenye maiki.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, anasema," wifi alijibu. "Anasema umependeza."

Siku hizi wifi ndiye anayemtafsiri. Nilimwomba ruhusa ya kubadilisha kidogo, nina filamu ya zamani ambayo kaka aliipenda. Nilimsihi na yeye akae. Alisema ana nguo za mgonjwa kwenye beseni uani, tuanze tu, atakuja. Hakuonyesha kinyongo. Alichomeka flashi mwenyewe, maana runinga yao ina ukaidi wake na anayeujua ni yeye, kisha akachukua rimoti akaondoka nayo, imechomekwa kwenye khanga, kama kawaida yake.

Filamu ikaanza na sisi wawili tukaitazama.

Sijui nielezeje jinsi ilivyokuwa tupu. Mzungu aliongea, akakodoa macho, na kicheko cha kurekodi kikasikika nyuma yake. Kiingereza nakielewa sasa, nakitumia kazini kila siku, na nilimsikiliza nikisubiri jambo la kuchekesha. Alimtania mkewe kwa unene. Alimtania tena kwa unene. Pale kaka alipokuwa na tairi la nyuma na shetani, mzungu alikuwa akitaja tu anwani ya kutuma hela. Nilimtazama kaka kwa wizi. Alikuwa ameikazia macho skrini, mkono wake mzima umelala pajani.

Kikaja kijiji cha Afrika. Jamani. Watu wamepakwa masizi, wengine nadhani hawakuwa weusi kabisa, mifupa puani, wanarukaruka kuzunguka chungu kikubwa. Chifu hakusema neno la lugha yoyote ya duniani. Alibwabwaja, akanusa nywele za mzungu, akalamba midomo, na kile kicheko cha nyuma kikapasuka. Basi. Hakukuwa na barua ya utambulisho, hakukuwa na katambuga. Utoto wangu wote nilikuwa nimetukanwa pale bandani, mimi na mjumbe na muuza maandazi, na kaka alikuwa amekaa kwenye kreti akilizuia tusi lisitufikie. Hakujua Kiingereza, lakini macho alikuwa nayo. Aliona tunachofanyiwa, akampa chifu yule maneno.

Roho iliniuma na nikaona fahari kwa wakati mmoja. Nikajaribu kumfanyia nilichoweza. Niliegemea karibu na sikio lake nikasema, kwa sauti ya mjumbe, "Karibu, mgeni. Barua ya utambulisho iko wapi?" Ilitoka vibaya, nyembamba, kama mwanafunzi anayesoma risala. Kaka aligeuka akanitazama. Uso wake ukakunjamana, mabega yakaanza kutikisika, na machozi yakamtoka. Nilimfuta kwa ncha ya mtandio wangu. Nilikuwa nikijiambia anacheka, anacheka.

Nilikuwa bado namfuta bubu alipopandishwa jukwaani.

Nilikuwa nimemsahau. Nilikumbuka unanikanyaga mguu, nilikumbuka kicheko, lakini kwamba kulikuwa na mtu aliyeshindwa kusema, na kwamba tungemtazama mbele ya kaka, hilo halikunipitia akilini hata mara moja tangu nianze kuitafuta. Mzungu alimshika bubu taya akamtikisa. Akampigia kelele aseme. Nilisimama kutafuta rimoti, rimoti iko uani kwenye khanga ya wifi. Nikaenda kwenye runinga kupapasa kitufe cha kuzimia, na nyuma yangu nikasikia:

"Ba... ba... ba..."

Nikageuka. Kaka alikuwa amejiinua kutoka kwenye mito. Macho kwenye skrini, shingo imekaza, na kila bubu alipofungua mdomo yeye alifungua, alipofunga alifunga. Hakuchelewa hata kidogo. Sikuthubutu kuzima. Nilisimama pale kando ya runinga, nikimsubiri kwa moyo wangu wote afike kwenye mguu.

Hakufika. Na kwenye skrini bubu naye hakufika. Katika filamu yenyewe bubu hasemi kitu. Anabwabwaja, wanacheka, anasukumwa nje ya jukwaa na hatumwoni tena. Wazungu wale hawakumpa hata neno moja.

Wifi aliingia mbio na mapovu mpaka viwikoni. Alimwona mumewe ameinuka, akaona mtu wa suti runingani ameinua mkono, akapiga magoti palepale.

"Ameongea! Yesu wangu, nimemsikia, ameongea!"

"Wifi, hapana," nilisema. "Hii ni komedi. Huyu si mchungaji, ni muuza matairi. Ni watu wanaigiza, wanawacheka wachungaji. Kaka ndiye alikuwaga anatafsiri bandani, zamani, kabla yako. Anaigiza sauti."

"Anaigiza?" Alinitazama kama vile nimemtukania mgonjwa. "Tangu lini ameinuka mwenyewe hivi? Mie ndo namwinua kila siku. Mie najua uzito wake."

Na kweli alikuwa ameinuka.

"Na usidhani sijui kama ni muvi, wifi. Mie si mjinga. Kwenye Biblia punda aliongea. Mungu aliyemtumia punda atashindwa na muvi?"

Nilikuwa nimekuja na hoja za kila aina, za daktari, za miezi ya mwanzo, lakini ya punda sikujiandaa nayo. Aliniomba niwaachie flashi. Nikaiacha. Ningefanya nini, nimnyang'anye?

Tangu siku hiyo Mtume wa Matairi akawa na saa yake katika nyumba ile. Wifi alijifunza kuipeleka mbele mpaka kwa bubu, akawa anamwekea kaka kila siku baada ya uji. Alinipigia simu ofisini katikati ya kazi: "Sikiliza, wifi, sikiliza," nami nikasikia kicheko cha kurekodi, na juu yake kaka, ba, ba, ba. Akina mama wa maombi walikuja kushuhudia. Niliwakuta Jumamosi moja wamejaa sebuleni, vitambaa kichwani, wanamtazama yule mzungu kwa heshima zote, na alipomtikisa bubu taya walisema amina. Muuza matairi yule, aliyetungwa ili wacheke watu wasioamini, alikuwa amepata kanisa la kweli Buguruni. Mahali pengine popote ningevunjika mbavu. Nilitoka uani nikalia karibu na beseni, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na sikujua hasira yenyewe nimpelekee nani.

Na kaka aliendelea kuinuka. Hilo ndilo lililonichosha. Kila alipowekewa alijikaza, akamfuata bubu mdomo kwa mdomo, akatoka jasho, akashindwa palepale. Wifi aliona muujiza unaokaribia. Mimi niliona fundi anaitafuta kazi yake na haipati, na anayemtesa kila siku ni mimi niliyeileta. Lakini nitajuaje? Huenda ndiyo saa pekee ya siku anayoifurahia.

Juzi nikaamua. Nilimwomba dereva wa ofisini aje na gari mpaka pale linapoishia, pamoja na wabeba mizigo wawili wenye mabega, tumpeleke kliniki, wifi akubali asikubali. Aliponiona nimevaa kiatu cha safari alielewa. Hakupiga kelele. Alizima runinga, chumba kikawa kimya kwa namna ambayo sikuizoea.

"Usinichukulie kama mchawi wake," alisema. "Yeye ndo mwenye mwili. Muulize mwenyewe."

Nikapiga magoti mbele ya kochi. Nikaushika mkono wake wa kushoto, ule mzima, una nguvu bado na joto.

"Kaka, kliniki wanakusubiri, yule dada wa mazoezi. Gari lipo hapo nje. Kama unataka twende, nibane mkono."

Akanibana. Alinibana kwa nguvu, mpaka pete ikaniuma, huku akinitazama machoni. Sikuweza kujizuia, nilicheka kwa sauti, nikamgeukia wifi. "Umeona? Umeona mwenyewe?"

Wifi aliona. Macho yalimjaa maji, na kwa mara ya kwanza tangu kaka augue nilimwona jinsi alivyokonda. Alijifuta mikono kwenye khanga, akaja akapiga magoti pembeni yangu. Nilimpisha. Aliushika mkono uleule.

"Baba watoto," alimwambia taratibu. "Au unataka tubaki hapa nyumbani, mie na wewe, tumngojee Mungu?"

Kaka alimtazama machoni. Niliona vidole vyake vikikaza juu ya vidole vya mkewe, vikikaza mpaka vikabadilika rangi.

Nje dereva alipiga honi. Nilimtazama wifi na yeye akanitazama, wote wawili tumepiga magoti, na hakuna aliyeweza kuinuka akamwambie aje au aende zake.